Kibali Kinaishia Mpakani: Mafunzo Niliyopata kwa Kubeba Bastola Katika Majimbo ya Marekani

Ndugu zangu wa Tanga wakisikia kwamba nina kibali cha kubeba bastola huku Marekani, hudhani nimejiunga na polisi au nimeharibikiwa. Vijana wetu wa Dallas nao wakisikia kwamba nilikaa darasani, nikachukuliwa alama za vidole na kulipa ada ili kukipata, hunicheka, kwa kuwa Texas haikidai tena tangu 2021. Makundi yote mawili yanadhani sheria ya silaha ya Marekani ni moja. Mimi ni dereva wa lori. Lori ni langu, mizigo naitafuta mwenyewe, na usiku nalala kwenye kabini katika vituo vya malori ambako wezi wa mizigo hawakosi. Ndiyo sababu nilianza kubeba. Kazi hiyohiyo imenionyesha kwamba haki iliyoandikwa kwenye Katiba ni moja, ila masharti ya kuitumia ni hamsini, bila kuhesabu Washington DC na miji kama New York inayoongeza ya kwake juu ya yale ya jimbo.

Mimi si mwanasheria. Haya nimeyapata kwa kusoma vifungu vyenyewe, kwa kuuliza, na kwa kuvuka mipaka. Mabunge ya majimbo hayaishi kuyagusa mambo haya, hivyo atakayenisoma baadaye ahakikishe kwanza kwamba sheria bado imesimama nilipoiacha.

1. Jimbo likiondoa kibali, kazi ya kujua inahamia kwako

Tarehe 1 Septemba 2021 Texas ilianza kumruhusu mtu wa miaka 21 na kuendelea, asiyekatazwa kisheria kumiliki bastola, aibebe hadharani au kwa kificho bila kibali chochote. Haikuwa ya kwanza. Vermont haijawahi kudai kibali. Alaska ilikiondoa 2003, Arizona 2010, Florida 2023, na Louisiana ilipoingia Julai 2024 majimbo ya namna hii yalifika 29. Zaidi ya nusu ya nchi.

Vijana husikia hapo tu, "bila kibali", wakaishia hapo. Mahali palipokatazwa hapajaruhusiwa. Watu waliokatazwa hawajaruhusiwa. Aliyehukumiwa kwa kosa kubwa la jinai, au kwa kosa dogo la kumpiga mwenza wake, au aliye chini ya amri ya mahakama ya kutomkaribia mwenza, bado hagusi bunduki kwa sheria ya nchi nzima; hilo la amri ya mahakama lilipingwa hadi Mahakama ya Juu, na Juni 2024 majaji wanane kati ya tisa wakalithibitisha. Kilichoondoka ni darasa. Zamani ofisi ilikulazimisha ukae kwenye kiti, usikilize wapi na lini, kisha ujibu mtihani. Sasa unaweza kununua bastola asubuhi na kuitia kiunoni mchana bila mtu yeyote kukueleza kwamba baa ile ya jirani itakupeleka jela. Kwa maoni yangu majimbo haya ndiyo yanayomtaka mtu asome zaidi, kwa sababu hakuna anayemsomesha.

Wakazi wa Vermont wanalijua hili kwa njia yao. Jimbo lao ndilo huru kuliko yote, na kwa kuwa halina kibali, halina cha kuwapa. Mtu wa Vermont akitaka kubeba katika jimbo linalodai karatasi, inabidi aende kuomba kibali cha mgeni katika jimbo jingine.

2. Angalia nani anatoa kibali, utaelewa tofauti zilivyo

Texas unaomba kwa Idara ya Usalama wa Umma. Minnesota unakwenda kwa sherifu wa kaunti. Georgia unakwenda kwa jaji wa mahakama ya mirathi, yuleyule anayetoa vyeti vya kufungia ndoa. Florida, niliposoma mara ya kwanza nilidhani nimefungua ukurasa usio wake, kibali kinatolewa na Idara ya Kilimo na Huduma kwa Walaji. Ofisi inayokagua mizani na matunda ndiyo inayokupa ruhusa ya bastola.

Masharti nayo yametawanyika vivyo hivyo. Pennsylvania haidai mafunzo yoyote: unajaza fomu, unalipa dola 20, sherifu anakuchunguza na ana siku 45 za kukujibu. Georgia pia haidai darasa. Illinois, iliyokuwa ya mwisho kuruhusu raia kubeba kwa kificho, na hiyo ni 2013 baada ya mahakama ya rufaa kuilazimisha, inadai saa 16 za mafunzo. California inadai saa 16 kwa mwombaji mpya tangu 2024. New York inadai saa 16 darasani na mbili nyingine kwenye uwanja wa shabaha, pamoja na watu wanne wa kukudhamini tabia.

Texas iko katikati. Darasa la saa nne hadi sita, mtihani wa kuandika, kisha risasi 50: ishirini kwa umbali wa yadi 3, ishirini kwa yadi 7, kumi kwa yadi 15. Ukipata asilimia 70 umefaulu. Ada ni dola 40. Kibali cha kwanza kinadumu miaka minne. Kuna sharti moja huwa nawasimulia wanaume wenzangu: mwenye deni la matunzo ya mtoto lililothibitishwa hapewi. Wa kodi vilevile.

Kwenye shabaha ya yadi 3 hata asiyewahi kushika bastola hukosa kwa shida. Ugumu uko kwenye saa zile za darasani, mwalimu anapoeleza ni lini unaruhusiwa kufyatua. Texas tangu 2007 haikulazimishi kukimbia kwanza ukiwa mahali ulipo na haki ya kuwepo, kama hukumchokoza mtu wala hufanyi uhalifu. New Jersey, New York na Maryland zinakulazimisha: ukiwa nje ya nyumba yako na unaweza kuondoka salama, ondoka. Kitendo kilekile, dakika ileile, upande mmoja wa mto unarudi nyumbani na upande wa pili unahesabiwa muuaji. Kibali cha kubeba hakisemi lolote kuhusu hilo.

3. Mpaka wa jimbo hauna geti

Kabla ya kuja huku niliendesha lori kutoka Dar kwenda Tunduma. Pale mpaka unauona: foleni, mihuri, mawakala, maofisa wa pande mbili. Huwezi kuingia Zambia bila kujua kwamba umeingia Zambia. Huku unavuka kwa kasi ya maili 65 kwa saa, na kinachokuarifu ni bango la kukukaribisha lenye picha ya ndege au ua la jimbo.

Njia yangu ya kwenda kaskazini mashariki hupita Arkansas na Tennessee, halafu naishika barabara ya I-81. Hadi Bristol sina wasiwasi. Majimbo hayo mawili hayadai kibali. Virginia, kwa sheria yake ya 2016, inatambua vibali vya majimbo mengine mtu akiwa na miaka 21 na kitambulisho chenye picha. Huko ni zaidi ya maili 300. Kisha mambo yanakwenda mbio. West Virginia ni maili 26, haidai kibali. Unavuka mto Potomac, unaingia Maryland. Maryland kwenye barabara ile ni maili 12 tu, unaimaliza kabla chai haijapoa, na haitambui kibali cha jimbo lolote lingine. Mbele yake ni Pennsylvania, yenye makubaliano na Texas. Chini ya saa moja nimekanyaga majimbo manne, na katika moja kati yake bastola iliyoko kiunoni, ambayo dakika kumi nyuma ilikuwa halali kabisa, ni kosa la jinai.

Ndiyo maana huwa nasimama West Virginia, kabla ya mto. Natoa risasi, bastola inaingia kwenye kasha la chuma, kasha linafungwa kwa kufuli na kuwekwa nyuma kabisa ya kabini, risasi zinakaa mbali nalo. Madereva wengine wananiambia ni usumbufu kwa maili 12. Sawa, ni usumbufu.

Ukiendelea mbele, unaiacha I-81 unashika I-78, unapita Allentown, unavuka mto Delaware, na hapo ni New Jersey. Oktoba 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye watoto wawili na kibali halali cha Pennsylvania, alisimamishwa na polisi wa New Jersey. Alimwambia askari mwenyewe, kwa hiari yake, kwamba ana bastola na kibali. Alishtakiwa kwa kosa ambalo kifungo chake cha lazima kilikuwa miaka mitatu na nusu. Kesi ilipigiwa kelele nchi nzima, na Aprili 2015 gavana Chris Christie akamsamehe. Mama yule hakuwa amemtishia mtu. Alivuka daraja.

4. Sheria ya kupita ni ya kupita tu

Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilitunga sheria mbili zinazonihusu. Moja iliweka viwango vya nchi nzima kwa leseni za madereva wa malori, ndiyo maana leseni yangu ya Texas haiulizwi swali New Jersey wala Oregon. Nyingine, ya kulinda wamiliki wa silaha, haikufanya hivyo kwa bastola. Ilitoa ulinzi mmoja mwembamba: ukitoka mahali unaporuhusiwa kumiliki na kubeba, ukielekea mahali unaporuhusiwa kumiliki na kubeba, majimbo ya katikati yasikushike, mradi silaha haina risasi na huwezi kuifikia kwa urahisi ukiwa umekaa. Gari lisilo na buti lililotengana na viti, silaha iwe ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli, na droo ya dashibodi haihesabiwi kuwa kasha. Lori halina buti. Kasha langu la chuma chimbuko lake ni sentensi hiyo.

Wengi wanaijua sheria hii kwa nusu. Kuna mambo mawili yanayowaponyoka. La kwanza ni mwisho wa safari. Kama mzigo wangu unashushwa Newark, basi sipiti New Jersey. Nimefika New Jersey, na kwa kuwa huko siruhusiwi kubeba, ulinzi ule haunihusu tangu nilipotia funguo Dallas. La pili ni kusimama. Mwaka 2005 msafiri mmoja wa Utah, aliyekuwa amesajili bastola yake vizuri kwenye mizigo ya ndege, alikosa kuunganisha ndege uwanja wa Newark, akapewa mizigo yake, akalala hotelini nayo. Asubuhi aliporudi uwanjani na kuitangaza bastola kama sheria inavyotaka, alikamatwa na kuwekwa ndani siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa baadaye, lakini alipodai haki yake mahakamani alishindwa: mahakama ya rufaa mwaka 2010 ilisema usiku ule hotelini silaha ilikuwa mahali anapoweza kuifikia, kwa hiyo ulinzi ulikatika.

Sasa fikiria dereva wa lori. Sheria ya usafirishaji ya nchi nzima inaniruhusu kuendesha saa 11, kisha inanilazimisha kupumzika saa 10 mfululizo. Sheria moja inaniamuru nisimame, na nyingine inanilinda bila wasiwasi nikiwa kwenye mwendo. Saa zangu zikiishia katika jimbo baya, nalala na kasha ndani ya chumba kilekile. Hakuna mwanasheria niliyemuuliza aliyenipa jibu la kunifanya nilale vizuri, kwa hiyo napanga saa zangu ziishie Pennsylvania.

Wapo wanaotaka Bunge liyamalize haya kwa kulazimisha kila jimbo liheshimu vibali vya mengine. Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa namna hiyo kwa kura 231 dhidi ya 198, ukaishia Seneti. Mbunge Richard Hudson wa North Carolina aliurudisha tena 2025. Kwa pochi yangu ningependa upite. Kwa akili yangu naelewa kwa nini mtu wa New York, aliyedaiwa saa 18 za mafunzo na wadhamini wanne, hapendi kukaa kwenye treni na mgeni kutoka jimbo lisilodai hata jina.

5. Hukumu ya 2022 haikulifungua lango la New York kama tulivyoambiwa

Juni 23, 2022 Mahakama ya Juu, kwa kura sita dhidi ya tatu na hukumu iliyoandikwa na Jaji Clarence Thomas, ilivunja sharti la New York lililomtaka mwombaji aonyeshe sababu maalumu inayomtofautisha na raia wa kawaida. Sheria ile ilikuwa na mizizi ya 1911. California, New Jersey, Maryland, Massachusetts na Hawaii zilikuwa na masharti ya aina hiyohiyo, yote yakaanguka kwa pamoja. Kwenye vituo vya malori watu walishangilia kama mpira umeisha.

Siku nane tu baadaye New York ikatunga sheria mpya, ikaanza kazi Septemba 1 mwaka uleule. Ofisi haiwezi tena kukuuliza kwa nini unataka bastola. Badala yake imekuwekea mafunzo marefu, mahojiano ya ana kwa ana, na orodha ndefu ya mahali palipokatazwa: Times Square, treni za chini ya ardhi, mabasi, baa, mbuga, majumba ya maonyesho. Kesi juu ya vipengele vyake zimekuwa zikipanda na kushuka mahakamani tangu hapo. Kwa mimi mpita njia hakuna kilichobadilika: New York haikuwa ikitambua kibali cha Texas kabla ya hukumu, na haikitambui baada yake. Hata kibali cha jimbo lenyewe, kilichotolewa Buffalo au Albany, hakiingii Jiji la New York bila idhini ya polisi wa jiji.

6. Futi 1,000 kutoka shule

Hili ndilo lililonifanya nikatafute kibali wakati kila mtu anakitupa. Sheria ya nchi nzima inakataza kuwa na bunduki ndani ya futi 1,000 kutoka mipaka ya shule. Mahakama ya Juu iliifuta ya awali mwaka 1995, Bunge likaiandika upya 1996 na kuifunga kwenye biashara kati ya majimbo, ikasimama. Chora duara la futi 1,000 kuzunguka kila shule ya Dallas na utaona kwamba huwezi kwenda dukani bila kukata moja.

Sheria inawaachia nje wenye kibali kilichotolewa na jimbo ambamo shule hiyo ipo. Soma tena maneno hayo. Anayebeba Texas bila kibali, kwa ruhusa kamili ya Texas, anavunja sheria ya nchi kila anapopita mbele ya shule na bastola yenye risasi. Mimi mwenye kibali cha Texas niko salama Texas; nikipita mbele ya shule ya Nashville, kibali changu hakikutolewa na Tennessee, hivyo hakinisaidii hata kama Tennessee yenyewe haina neno na mimi.

7. Soma mlango kabla ya kuushika

Texas ina mabango yenye namba. Lenye 30.06 linawazuia wenye kibali wanaobeba kwa kificho, 30.07 wanaobeba wazi, 30.05 linawahusu wasio na kibali. Maandishi lazima yawe kwa Kiingereza na Kihispania, herufi za urefu wa inchi moja au zaidi. Lenye 51% kwa rangi nyekundu ni la mahali panapopata zaidi ya nusu ya mapato kwa kuuza pombe ya kunywewa hapohapo, na hapo huingii na bastola hata kama unakunywa soda. Illinois inatumia picha ya bastola iliyokatwa na mstari mwekundu, inchi 4 kwa 6, ndogo kiasi kwamba mwenye haraka haioni.

8. Polisi akikusimamisha, ulimi na mikono vina sheria zake

North Carolina na Michigan zinataka useme mara moja, kabla hujaulizwa, kwamba una silaha. Texas inataka uonyeshe kibali pamoja na kitambulisho askari akikuomba kitambulisho. Minnesota inataka ujibu ukiulizwa. Pennsylvania haikulazimishi kuanza wewe. Ni lazima uyajue haya kwa kila jimbo la njia yako, kwa sababu usiku, taa za buluu zikiwaka nyuma yako, hutakuwa na nafasi ya kufungua simu.

Ila sheria haitoshi, na kwa mtu mweusi haitoshi zaidi. Julai 6, 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile, kijana wa miaka 32 aliyekuwa msimamizi wa mkahawa wa shule, alisimamishwa kwa kisa cha taa ya nyuma. Ndani ya gari walikuwemo mpenzi wake na binti wa miaka minne wa mpenzi huyo. Alikuwa na kibali. Alimwambia askari kwa upole kwamba ana silaha. Sekunde chache baadaye alikuwa amepigwa risasi. Juni 2017 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia askari huyo huru.

Sijui dereva Mwafrika anayebeba bastola Marekani ambaye hajawahi kuitazama video ya tukio hilo na kujiuliza yeye angesema nini. Mimi nimeamua hivi. Taa ya kabini nawasha kabla hajafika. Dirisha liko chini, mikono yote miwili juu ya usukani, kibali na leseni viko kwenye dashibodi tangu asubuhi ili nisichovye mkono mfukoni mbele ya mtu mwenye hofu. Naanza na kibali, "Afande, nina kibali cha kubeba," ndipo natamka silaha ilipo, na sisogei hadi aniambie. Mke wangu anasema hayo yote ni mengi kwa mtu anayetumia haki yake ya kikatiba. Ana haki ya kusema hivyo, na nitaendelea kuyafanya.

9. Hesabu risasi, na uziangalie ncha

Bastola yangu ilitoka dukani Texas na magazini ya risasi 17. Colorado mwisho ni 15. New Jersey, New York na California mwisho ni 10, na New Jersey inakuhesabia kosa kuwa nayo tu. Risasi zenye ncha iliyotobolewa, ambazo Texas ndizo za kawaida za kujilinda, New Jersey inazibana vikali nje ya nyumba. Colorado imeongeza kwamba tangu Januari 2025 bastola inayoachwa kwenye gari lisilo na mtu ikae ndani ya kasha gumu lililofungwa, lisiloonekana. Hiyo ya mwisho naiunga mkono kwa mikono miwili. Bastola nyingi zinazoibwa huanzia kwenye kioo cha gari kilichovunjwa.

10. Hati yako ya uhamiaji ndiyo kibali cha kwanza

Kwenye harusi moja ya Watanzania hapa Dallas kijana wa chuo alinijia na simu mkononi.

"Shikamoo anko."

"Marahaba. Vipi masomo?"

"Yanakwenda. Anko, cheki hii," akanionyesha picha yake kwenye uwanja wa shabaha, bastola ya kukodi mkononi, miwani ya njano usoni. Alikuwa ameitupia mtandaoni, na watu wameipenda kwa mamia.

"Uko kwa viza gani?"

"Ya mwanafunzi. Lakini huku si Texas, anko? Huku mtu anabeba tu."

Texas haina la kusema hapo. Sheria ya nchi nzima inamkataza mwenye viza ya muda, mwanafunzi au mtalii, kumiliki bunduki au risasi. Na kushika bastola ya kukodi uwanjani ni kumiliki kwa dakika zile. Kuna milango michache ya kutokea, unaojulikana zaidi ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Aliyeishiwa viza, au aliyefukuzwa chuo na viza ikafa, hana hata mlango huo. Kesi inayoitwa Rehaif, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu 2019, ilianzia hapohapo: mwanafunzi wa kigeni aliyefukuzwa chuo huko Florida akaenda kulenga shabaha. Mahakama ilisema serikali lazima ithibitishe kwamba alijua hana tena hadhi ya kisheria, na hilo lilimsaidia kiasi. Lakini kufika Mahakama ya Juu si njia ambayo kijana wetu anaweza kuilipia. Nilimwambia aifute picha na amtafute mwanasheria wa uhamiaji, si wa bunduki.

Wenye kadi ya kijani wanaruhusiwa kununua na, katika majimbo mengi, kupata kibali kama raia. Ila wao ndio wenye cha kupoteza zaidi. Sheria ya uhamiaji inasema mgeni aliyehukumiwa kwa kosa la kununua, kumiliki au kubeba bunduki kinyume cha sheria anaweza kurudishwa kwao, na haisemi lazima kosa liwe kubwa. Yaliyompata mama wa Philadelphia yangempata Mtanzania mwenye kadi ya kijani, msamaha wa gavana ungemkuta yuko kwenye kizuizi cha uhamiaji.

Na bangi. Majimbo mengi yameihalalisha, maduka yako wazi kama ya maua. Fomu 4473 unayojaza dukani kununua bunduki inakuuliza kama unatumia, na inakukumbusha kwa maandishi kwamba kwa sheria ya nchi bado ni haramu hata jimbo lako likiruhusu. Ukisema ndiyo, huuziwi. Ukisema hapana na unatumia, umedanganya serikali kwa saini yako.

11. Kuna mizigo ambayo bastola hubaki nyumbani

Newark, Boston, Los Angeles, Jiji la New York: nikipata mzigo wa huko, kasha linabaki Dallas. Nafanya hivyo bila uchungu. Na kabla ya kukubali mzigo wa kampuni nasoma mkataba, kwa sababu sheria ya usafirishaji haimkatazi dereva wa lori kubeba silaha, lakini kampuni nyingi zinakataza, na kwa kampuni hakuna rufaa.

Mzigo wa Detroit ndio unaohitaji macho zaidi, ingawa Michigan yenyewe inatambua kibali changu. Barabara za pale zinakusukuma kuelekea daraja la Ambassador, na ng'ambo ya daraja ni Windsor, Kanada, nchi iliyosimamisha kabisa uuzaji wa bastola kwa raia wake Oktoba 2022 na isiyotaka kusikia habari ya kibali cha Texas. Mtu akikosea njia ya kutokea kwenye barabara kuu, anajikuta kwenye foleni ya forodha ya nchi nyingine na bastola ndani ya kabini. Madereva wapya nawaambia waisome ramani ya Detroit usiku uliotangulia, wakiwa wameegesha Ohio, na wahesabu njia za kutokea moja baada ya nyingine, maana ukishaingia kwenye njia ya daraja hakuna mahali pa kugeuzia lori na tela lake.